Kutafuta Mwili wa Wafula

Vijana walionirithi kazi huko Doha wamenisumbua niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimewajibu kwamba mimi sisahau, ila nachoka. Hata hivyo nimekaa kuandika, hapa nyumbani kwangu Kisauni, kwenye meza ya jikoni, kwa sababu sebule wameichukua wajukuu na hawana mpango wa kuirudisha. Niwaonye mapema. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo mara ngapi na nililipwa nini, aziweke karatasi hizi kando akanywe chai. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kazi ilikuwa moja: kusimama kwenye foleni kwa niaba ya watu wengine.

Huko Ghuba kazi hiyo ina jina lake, mandubu. Ni mtu wa kampuni anayezungusha pasipoti na karatasi za wafanyakazi ofisi hadi ofisi. Kampuni ikileta mlinzi kutoka Nairobi au Kampala, mandubu ndiye humpeleka kupimwa damu, kuchukuliwa alama za vidole, na kupewa bataka, yaani kitambulisho cha ukaazi. Mlinzi akiugua, anaitwa mandubu. Akigongwa na gari, mandubu. Akifa, mandubu vilevile, ingawa siku hiyo hakuna anayegombania kazi nawe.

Nilifika mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikiwa dereva. Meneja aliposikia kwamba najua Kiarabu, akanitoa kwenye usukani akanipa mkoba. Hakuuliza Kiarabu chenyewe ni cha wapi. Kilikuwa cha madrasa. Siku ya kwanza nilipofika dirishani nilimsalimu karani kwa lugha ya vitabuni, kisha nikamweleza haja ya kampuni kama mtu anayetoa hotuba ya Ijumaa. Karani akawaita wenzake waje wanisikilize. Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa kilemba chake. Kisha wakanigongea muhuri. Tangu siku hiyo sikuhangaika kukirekebisha Kiarabu changu, kwa kuwa niliona mtu aliyekwisha kukucheka huona haya kukunyima haja yako.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Osman, Msudani mrefu, mwembamba, mandubu wa kampuni jirani. Alikuwa ameizoea Doha tangu enzi ambazo, kwa maneno yake, ungeweza kuona bahari kutoka popote ulipo. Siku moja alinikuta nje ya ofisi ya pasipoti nikiwa nimefura kwa hasira, nimerudishwa kwa sababu picha ilikuwa na usuli wa bluu badala ya mweupe. Akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka kunywa chai ya maziwa.

"Ya Bakari," akaniambia, "karatasi haina miguu. Miguu yake ni wewe. Ukikasirika, miguu imevunjika. Khalas, yatosha, kunywa."

Alinionyesha vitu vya kubeba. Stepla yako mwenyewe. Picha za ziada za kila mtu, usuli mweupe na wa bluu. Kalamu za kutosha kuazima, maana mwenye kalamu dirishani hupata marafiki upesi. Shati la pili garini, kwa sababu mwezi wa Julai shati la kwanza ni la kutolea jasho tu. La stepla aliongeza kwamba nisiiache juani kwenye dashibodi. Nikaiacha, nikaungua, nikaelewa. Na kila dirisha tulilokwenda, Osman hakuwahi kuuliza habari ya faili kabla ya kuuliza habari ya baba wa karani. Mwanzoni nilidhani ni hila ya mjini. Kisha baba wa karani mmoja alifariki, nikamwona Osman matangani analia kuliko wafiwa. Nikaona haya kwa mawazo yangu.

Miaka ikaenda, minara ikapanda, na kwa kila mnara walihitajika watu wa kukaa mlangoni. Wakenya na Waganda wakaanza kufika kwa makundi, wengine walimu, wengine wakulima, wote wakavaa sare za ulinzi. Pamoja na wingi huo yakaja magonjwa, ajali, na vifo. Mimi ni Mwislamu wa pwani. Kwetu mtu akifa huzikwa upesi, tena alipofia, na dua humfuata popote. Nilidhani dunia nzima ni hivyo, mpaka familia moja ya magharibi mwa Kenya iliponiambia kwa upole wa mtu anayemfundisha mjinga: "Mzee, huyu lazima alale kwao." Nikajifunza kusafirisha miili. Kuna msemo kwetu kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nilikuja kugundua kwamba msafirishaji naye huijua, nikajifunza kufunga mdomo. Namba yangu ikaanza kupeanwa hata na watu wasio wa kampuni yangu.

Wakati huo ndipo nilipoijua desturi ya begi. Hakuna aliyeitunga na hakuna bosi anayeijua, lakini kila chumba cha wafanyakazi wetu huifuata. Mwenzao akifariki, wa chumba chake hukunja nguo zake zote, huzitia begini, na mtu wa kwanza kusafiri kwenda nyumbani hulibeba. Hapewi nafasi ya kukataa. Hata kama ana mizigo yake, atapunguza yake. Begi la marehemu halikai chumbani na walio hai. Basi, ndugu zangu mlionirithi, mkiingia chumba cha mtu aliyepotea, kabla hamjauliza lolote, tazameni begi lake.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi nilipigiwa simu kutoka Bungoma. Ilikuwa asubuhi, nipo foleni, nimebanwa kati ya Wanepali wawili.

"Hallo, ni Mzee Bakari? Ule wa miili?"

Nimeitwa majina mengi maishani, lakini hilo lilinifanya nitoke foleni. Nikamwambia ndiye mimi.

"Mimi naitwa Nanjala. Bwanangu alikufia huko kwenu, na mpaka leo hatujapewa mwili. Tumengoja mpaka tumechoka. Anaitwa Wafula. Alikuwa askari wa kampuni, analinda jengo hapo Al Sadd."

Aliyewapa habari za kifo alikuwa mmoja wa waliokuwa wakikaa naye, kwa simu fupi: aliugua, akafa, poleni. Baada ya hapo simu hiyo haikupatikana tena. Kampuni yake ilikuwa imepoteza kandarasi na kufungwa, na mandubu wao alikwisha kurudi kwao. Nikamwambia Nanjala anipe muda. Nilikwenda nilikozoea kwenda kwa shughuli za miili, kwa watu walionijua, wakatazama na kutazama tena. Hakuwepo, wala hakuwahi kuwepo. Nikamweleza Osman, naye akasugua kidevu. "Nimeona maiti zisizo na jina," akasema. "Jina lisilo na maiti ni mara ya kwanza."

Nanjala aliponipigia tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea akiwa amejificha. Ndipo akanieleza kilichokuwa kinamsumbua zaidi ya msiba wenyewe. Kwao, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likalazwa kama maiti, likaliliwa na kuzikwa kaburini pamoja na nguo zake. Baba yake Wafula, Mzee Simiyu, alikuwa amechoka kungoja na alitaka kuzika.

"Na wakishazika mgomba," Nanjala akasema, "imeisha. Hata siku moja akitokea, hapo nyumbani si kwake tena. Amezikwa. Mimi nitaitwa mjane, nitaambiwa nichague mtu kwa ndugu zake. Mzee, mimi sijaona mwili. Niambie tu kama yuko chini ya udongo ama yuko juu yake. Nitakubali yoyote. Lakini kulilia mgomba siwezi."

Nikamwuliza wametenga siku gani. Akasema wazee wamekubaliana iwe Jumamosi moja baada ya mahindi kuvunwa, na mahindi yalikuwa yanavunwa.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Umm Salal alikokuwa anakaa Wafula. Nilikwenda baada ya swala, saa ambayo Wakristo nao wamekwisha kurudi kanisani, maana Doha hata Wakristo husali Ijumaa, ndiyo siku ya mapumziko. Ilikuwa nyumba kongwe katikati ya mashamba, vyumba vyake vimegawanywa kwa mbao. Nilimkuta Ssali, Mganda wa makamo, anapika, na Kiprono, kijana mrefu wa Kitale, anapiga pasi sare ya kampuni mpya iliyowachukua. Walinijua kwa sifa. Sura zao hazikufurahi.

"Karibu Mzee, posho iko karibu kuiva," Ssali akasema, akisonga ugali.

Nikala kwanza. Hata hilo nawausia: msianze kuuliza mtu maswali kabla hamjala chakula chake. Tuliponawa nikasema, "Nimetumwa na mke wa Wafula. Anataka mwili."

Kiprono akasimamisha pasi. "Mzee, hiyo stori si ungeiacha tu. Jamaa alienda. Si ameenda?"

"Alifia hospitali gani?"

Wakatazamana. "Sisi tulipigiwa tu simu, ssebo," Ssali akajibu kwa heshima ya kwao.

Chini ya kitanda kimoja kulikuwa na begi la bluu, limefungwa utepe mwekundu kwenye mkono wake wa kubebea, kama wasafiri wanavyofanya ili wasipotezane na begi uwanja wa ndege. Jina la Wafula lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa kalamu nene. Nikainama, nikapitisha kidole juu yake.

"Hili begi halina vumbi," nikasema. "Mwenzenu wa chumba cha pili alipofariki, begi lake liliondoka hata kabla yeye mwenyewe hajaondoka. Hili mnalifuta vumbi. Nani humfutia vumbi marehemu?"

Ssali akazima gesi, ingawa hapakuwa na chungu juu yake. "Mwambie," akamwambia Kiprono. "Mzee si polisi."

"Mzee, huyo jamaa hajadedi," Kiprono akasema, akakaa kitandani kama mtu aliyetua gunia. "Alishikwa. Aliokota bangili ya dhahabu hapo parking, ya mama mwenye alikuja kwa ofisi za juu. Angeipeleka tu risepsheni, maneno yaishe. Akaitia kwa mfuko. Kamera ikamwona. Walikuja kumchukua hapa hapa. Akiwa anavaa viatu akatuambia, 'Wakiuliza nyumbani, semeni nilikufa.' Tukadhani ni hasira. Akarudia. Akatuapisha."

"Nanyi mkaapa?"

"Tungefanyaje, Mzee? Babake ni watchman."

Nikaelezwa. Mzee Simiyu alikuwa amelinda ghala la mahindi la ushirika maisha yake yote, na halikupotea hata gunia moja. Mawakala walipokwenda Bungoma kutafuta vijana wa kulinda majengo ya Doha, waliomba waonyeshwe nyumba za watu waaminifu, na watu wakawaonyesha kwa kidole nyumba ya Simiyu. Wafula hakuajiriwa kwa cheti. Aliajiriwa kwa jina la baba yake, kisha akaitia bangili mfukoni.

Nilikasirika, sitaficha. Niliwaambia mficha uchi hazai, na kwamba kuna mwanamke Bungoma anayelala na msiba usiokuwepo. Ssali akainamisha kichwa. "Tulikuwa tunamfichia aibu," akasema. "Kumbe tulikuwa tunamchimbia kaburi." Baada ya hapo hasira zangu zikapungua, maana na wao walikuwa wamekaa na siri hiyo, wanaifuta vumbi kila Ijumaa.

Sasa nilijua pa kuuliza. Osman, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu na hakuwa na lazima ya kusumbuka, alivaa kanzu yake nyeupe kuliko zote tukaenda pamoja ofisi ya magereza. Afisa aliyetuhudumia alikuwa mtu mwenye adabu. Osman akamwuliza habari za baba yake; akasema ni mzima, ila magoti. Wakazungumza magoti mpaka nikaanza kuyasikia yangu. Kisha afisa akatuambia kwamba Wafula alikiri siku ya kwanza, bangili ilirudi kwa mwenyewe, na kifungo chake alikimaliza. Miezi kadhaa nyuma alikuwa ameshapandishwa ndege kwenda Nairobi. Akaongeza bila kuulizwa, "Alikuwa mtu mtulivu. Alikuwa anafagia ua bila kuambiwa."

Kwa hiyo yule aliyekuwa amekufa Doha alikuwa hai, na hakuwa Doha. Alikuwa kwao Kenya, ila si nyumbani. Tulirudi garini, Osman akakaa bila kufunga mkanda.

"Aliyemkimbia polisi hutafutwa na polisi," akasema. "Huyu amemkimbia baba yake. Nani atamtafuta?"

"Mkewe," nikamwambia.

Nilimpigia Nanjala siku hiyohiyo. Nimepeleka habari za vifo nyingi sana kwa simu na najua namna ya kuzitua taratibu. Habari ya uhai sikuwa nimewahi kuipeleka, na nilijikuta sijui inaanzia wapi.

"Mama, una mtu karibu?"

"Niko shambani peke yangu. Sema."

"Bwanako yu hai."

Nikasikia pumzi yake inashuka chini, nadhani alikuwa amekaa juu ya udongo. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Yuko wapi?"

"Sijui. Yuko Kenya. Alifungwa hapa, akamaliza, akarudishwa kwenu."

"Alifungiwa nini?"

Hapo nilisita. Ningeweza kusema karatasi hazikuwa sawa. Wengi wetu hufungwa kwa karatasi na hakuna anayeona haya. Lakini uongo mmoja ulikwisha kumvalisha matanga, na mimi sikutaka kumpelekea wa pili. Nikamwambia, "Aliiba bangili."

Akauliza, "Ya nani?"

"Ya mwanamke mmoja asiyemjua. Ilirudi kwa mwenyewe."

"Kwa hivyo mimi nimevalia mtu mzima nguo za msiba." Kisha akasema neno ambalo nimelirudia kwa watu wengi: "Sawa, Mzee. Mwizi mzima nitamgombeza mpaka nichoke. Mgomba ningeuambia nini?"

Lakini Mzee Simiyu, akasema, hataamini maneno matupu. Atadhani ni mke asiyetaka kuwa mjane. Alitaka kuona kwa macho, na siku iliyotengwa ilikuwa Jumamosi hiyo inayokuja. Tena habari ya bangili hakuthubutu kumpelekea. "Itamuua," akasema, "halafu tuwe na maiti kweli."

Basi nikarudi kwenye begi. Kiprono alikuwa anakwenda likizo wiki hiyohiyo. Nikamwambia alibebe. Kisha yeye na Ssali wakawapigia wote waliowahi kukaa Doha wakarudi: Nairobi, Eldoret, Mombasa, Busia, popote. Ujumbe ulikuwa mfupi. Begi la Wafula limetoka Umm Salal. Linakwenda kwao likazikwe. Mwenye neno ampigie Mzee Bakari. Kila aliyewahi kukaa vyumba vile alijua maana yake. Begi likishaondoka, mtu amekwisha. Kama Wafula bado alikuwa anazungumza na mtu yeyote wa Doha, ujumbe ungemfikia.

Ulimfikia. Siku ya pili yake nilipigiwa kwa namba ya Kenya nisiyoijua. Nyuma ya sauti kulikuwa na honi za malori na maji yanayomwagika.

"Mzee, ni mimi mwenye begi."

"Mwenye begi amekufa," nikamjibu. "Wewe ni nani?"

Akasema yuko Mlolongo, nje kidogo ya Nairobi, anaosha malori. Hakuniomba nimsaidie. Aliniomba kinyume chake. "Liache lifike, Mzee. Wazike, yaishe. Huyo mzee wangu amelinda mali ya watu mpaka amekuwa mzee na hajapoteza gunia. Mimi nitaingilia mlango gani pale?"

"Mkeo anajua," nikamwambia.

"Anajua nini?"

"Anajua bangili."

Nikasikia maji yamefungwa. "Nani alimwambia?"

"Mimi. Kwa hiyo kufa kwako hakuna kazi tena. Ulikufa ili asijue, na amejua."

"Alisema nini?"

"Alisema ana maneno na wewe. Sijui ni mangapi, lakini kwa sauti niliyoisikia, tafuta pa kukaa."

Alitoa sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko au kilio. Nadhani vilikuja pamoja. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na baba?"

"Baba hajui, na mimi simwambii. Hayo utayasema mwenyewe. Mimi hubeba karatasi za watu, sibebi makosa yao. Kiprono anashuka Nairobi Ijumaa, na basi lake la kwenda Bungoma ni la jioni."

Akakata. Ijumaa jioni Kiprono akanitumia ujumbe kwamba uwanja wa ndege hakutokea mtu, na kwamba anaelekea kwenye basi. Kisha simu yake ikazima. Usiku huo nilimwomba Mungu kwa jina la mtu ambaye sikuwahi kuonana naye.

Jumamosi nilikuwa Al Thumama, nimeegesha nje ya jengo ambalo mlinzi mpya alikuwa ndani akipimwa sare. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Nanjala akapiga. Nyuma yake nilisikia watu wengi na wanawake wakiomboleza.

"Wamekata mgomba asubuhi," akasema haraka. "Umelala hapa kwa mkeka. Shimo limechimbwa. Wanangojea tu begi. Mzee, nimeweka spika, nimekushika kwa mkono. Usikate."

Sikukata. Niliwasikia wanaimba, wananyamaza, wanaimba tena. Baadaye akasema, "Kuna watu wawili wanakuja na njia. Mmoja ni mrefu, simjui."

"Huyo ni Kiprono. Ana begi?"

"Hana."

"Begi linabebwa na nani?"

Maombolezo yalikatika, sauti moja baada ya nyingine, kama taa za mtaa zinavyozimika, mpaka nikasikia kuku. Baadaye Kiprono alinieleza kwamba Wafula alimngoja stendi ya mabasi Nairobi, akalichukua begi mkononi mwake bila salamu, na hakulitua njia nzima.

Waliongea kwanza Kibukusu, sikuelewa neno. Kisha sauti ya mzee, kavu, ikageukia Kiswahili. Nadhani alifanya hivyo makusudi, ili Kiprono mgeni awe shahidi.

"Simama hapo hapo. Mimi leo nazika mtoto. Wewe unatoka wapi?"

"Jela, baba."

"Ya nini?"

"Nilikuwa mlinzi, nikaiba."

Nilisikia umati ukivuta pumzi. Mzee Simiyu aliuliza kama alivyokuwa akiuliza watu mlangoni pa ghala, bila kupandisha sauti. "Kitu cha wenyewe kilirudi?"

"Kilirudi."

"Kifungo ulimaliza?"

"Nilimaliza."

"Na hii ya kufa, nani alikuhukumu?"

"Hiyo nilijihukumu mwenyewe."

Mzee mmoja wa ukoo akauliza kama mgomba ulikuwa umegusa shimo. Wengi wakajibu kwa pamoja kwamba haujashuka, bado uko mkekani, hakuna kilichozikwa. Mimi nilikuwa nimeushika usukani kwa mikono miwili, na gari limesimama.

"Nanjala," Mzee Simiyu akasema, "panga liko wapi?"

Nilitaka kupiga kelele kwenye simu.

"Hili hapa, baba."

"Mpe huyo aliyetoka jela."

Hakuna aliyesogea, nadhani, maana alirudia. "Mpe. Mgomba umeshakatwa, hauwezi kurudi shambani, na ng'ombe hajala tangu asubuhi kwa sababu ya hii matanga. Akate vipande vidogo. Akimaliza aje ndani tuongee habari ya kulinda."

Nikasikia panga likiingia kwenye shina bichi, pigo moja zito, kisha la pili. Mwanamke mmoja mbali akacheka, wengine wakamfuata, na katikati ya kicheko kuna waliokuwa wanalia wazi. Mimi pia nililia, garini, Al Thumama, mchana kweupe. Yule mlinzi mpya alitoka na sare yake mkononi, akaniona, akarudi ndani.

Nanjala alikuwa bado ameshika simu. Akaanza, kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Sasa wewe Wafula. Bangili ya dhahabu. Mkono wangu huu wa jembe, uliona utaiweka wapi?"

Panga likasimama. "Nanjala," Wafula akaanza.

"Usisimame," akamwambia. "Kata. Mimi bado sijaanza."